Kwa nini pedi za nyuma zinasumbua? Historia ya breki ya nyuma, kutoka Mannheim hadi Busisi

Kubadili pedi za breki za mbele ni kazi ambayo mtu mwenye mikono myepesi anaimaliza nyumbani kwake Sengerema, chini ya mwembe, kabla jua halijawa kali. Jeki, wili spana, spana mbili tatu na klampu ya seremala vinatosha. Unafungua kalipa, unatoa pedi zilizoisha, unasukuma pistoni irudi ndani, unaweka mpya, unafunga.

Halafu inafika zamu ya nyuma, na mambo yanabadilika. Pistoni haisukumiki. Au unatoa diski, kumbe ndani yake imejificha breki nyingine ndogo. Au gari lina kitufe tu badala ya mkono wa hendibreki, na hata ukikaza klampu mpaka ipinde hakuna kinachosogea. Hapo ndipo watu huanza kuulizia nyundo.

Makala hii inataka kuonyesha jambo moja: breki ya nyuma si breki ya mbele iliyohamishiwa nyuma. Breki ya mbele ina kazi moja, kusimamisha gari linalokwenda. Ya nyuma ina mbili: kusaidia kulisimamisha, na kulishikilia likishasimama. Kila kinachokusumbua ukiwa umechuchumaa pale kina mwaka wake na sababu yake. Ukiijua historia hiyo, nyundo utaiacha kwenye boksi.

Mwanzoni breki zote zilikuwa nyuma

Agosti 1888, Bertha Benz alichukua gari lililobuniwa na mumewe, Karl, akaondoka Mannheim, Ujerumani, pamoja na wanawe wawili kwenda Pforzheim, safari ya takriban kilomita 100. Gari lile la magurudumu matatu lilisimamishwa kwa vipande vya mbao vilivyokandamiza magurudumu ya nyuma. Kwenye miteremko mbao zikaanza kulika. Njiani Bertha akamtafuta fundi viatu, akamwomba avipigilie vipande vile ngozi. Ndiyo kusema, miongoni mwa watu wa kwanza duniani kubadili “pedi” za gari alikuwa fundi viatu, kazi ilifanyika njiani, na zilikuwa pedi za nyuma.

Kwa nini nyuma? Kwanza, injini iliendesha magurudumu ya nyuma, kwa hiyo vyuma vya kufungia breki vilikuwa tayari huko. Pili, magurudumu ya mbele yanakata kona. Wakati ule breki ilivutwa kwa fito na nyaya, na si rahisi kuvuta gurudumu ambalo linageuka kushoto na kulia bila waya kulegea upande mmoja na kukaza upande mwingine. Tatu, madereva waliogopa. Waliamini kwamba ukishika breki ya mbele gari litapinduka au litayumba na kukutupa mtaroni.

Ndiyo hali iliyokuwepo Agosti 1907, wakati Mjerumani Paul Graetz alipoondoka Dar es Salaam kwa gari akiwa na nia ya kulivuka bara zima. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, Mei 1909. Magari ya kizazi kile yalitegemea breki za nyuma na ya shafti, basi. Hata Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kuuzwa zaidi ya magari milioni 15, halikuwa na breki yoyote mbele: pedali ilibana ndani ya giaboksi, na mkono ulivuta breki za magurudumu ya nyuma.

Uzito unapokimbilia mbele

Tatizo ni kwamba fizikia ilikuwa upande mwingine. Hebu kumbuka unavyosukumwa mbele ndani ya daladala dereva anapokanyaga breki ghafla. Gari nalo linafanya vivyo hivyo: linainamisha pua, na mzigo unahama kutoka tairi za nyuma kwenda za mbele.

Tupige hesabu ya gari la kawaida. Lina uzito wa kilo 1,400. Likiwa limesimama, asilimia 60 ya uzito iko mbele, yaani kilo 840, na kilo 560 ziko nyuma. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.6, na kitovu cha uzito kiko sentimita 55 kutoka ardhini. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, tuseme kwa kiwango cha 0.8 cha mvutano wa dunia, mzigo unaohama ni 1,400 × 0.8 × 0.55 ÷ 2.6, yaani karibu kilo 237. Sasa mbele kuna kilo 1,077 na nyuma zimebaki 323. Tairi za nyuma zimebakiwa na chini ya robo ya uzito wote, na tairi isiyo na mzigo haina cha kushikia barabara. Ukiibana sana inajifunga na kuteleza, mkia wa gari unaanza kukupita.

Kumbe breki zilikuwa zimewekwa upande ulio dhaifu! Karibu mwaka 1909 na 1910 kampuni chache za Ulaya, kama Isotta Fraschini ya Italia na Arrol-Johnston ya Scotland, zilianza kuweka breki mbele pia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia zikasambaa. Gari lenye breki nne lilisimama haraka kiasi kwamba lilikuwa hatari kwa waliolifuata, na Uingereza miaka ya 1920 baadhi ya magari hayo yalibandikwa pembetatu nyekundu nyuma kumwonya dereva anayefuata asisogee karibu.

Tangu hapo breki ya nyuma imekuwa msaidizi. Ndiyo maana kwenye magari mengi pedi za mbele huisha kwanza. Lakini usiidharau. Hesabu yetu ilikuwa ya gari lisilo na mzigo. Chukua mchomoko uliojaa abiria na buti limeshonwa magunia ya dagaa mpaka mkia umekaa: nyuma kuna uzito mwingi, na breki ya nyuma inapata kazi kubwa kuliko ilivyozoea. Kwa sababu hiyo pikapu na mabasi madogo mengi yana vali inayosoma jinsi mkia ulivyoinama, kisha inaongeza au kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Ukiona kijifimbo kimeunganishwa na ekseli ya nyuma, usikikunje wala kukifunga kwa waya ili kisikusumbue. Kinapima mzigo.

Mafuta yachukua nafasi ya nyaya

Breki nne za nyaya zilikuwa na ugonjwa wake: kuzisawazisha. Waya mmoja ukilegea, gari linavuta upande mmoja. Dawa ilitokana na kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, msukumo husambaa sawasawa kila upande. Mmarekani Malcolm Loughead alikuja na breki za mafuta miaka ya mwisho ya 1910, na mwaka 1921 gari la Duesenberg Model A lilitoka nazo kwenye magurudumu yote manne. Ford alizikataa kwa muda mrefu, akabaki na breki za vyuma mpaka magari yake ya 1939.

Mambo mawili ya kazi yako ya nyumbani yanatoka hapa. La kwanza: ukirudisha pistoni ndani, mafuta nayo yanarudi juu kwenye kikopo, na kama kilijaa yatamwagika na kuharibu rangi ya gari. La pili ni la kufa na kupona: baada ya kufunga kila kitu, pistoni ipo mbali na pedi. Mguso wa kwanza wa pedali utaenda mpaka chini bila kushika chochote. Pampu pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Usingoje kulijua hilo ukiwa unateremka.

Mafuta yalikuja na udhaifu mmoja ambao nyaya hazikuwa nao: paipu ikipasuka, breki inaondoka na mafuta. Hivyo waya wa zamani haukutupwa. Ulibakizwa nyuma, peke yake, bila kutegemea mafuta. Huo ndio hendibreki. Kebo unayoiona chini ya gari lako ni breki ya enzi za Graetz ambayo haijastaafu.

Dramu na diski

Dramu, ile ngoma ya chuma yenye breki shuu mbili ndani, hutajwa kuwa kazi ya Louis Renault, Mfaransa, mwaka 1902. Mwaka huohuo Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski. Pedi zake zilikuwa za shaba, zikapiga kelele za kutoboa masikio, na diski ikawekwa pembeni kwa karibu nusu karne.

Iliyoirudisha ni joto. Breki haiui mwendo, inaugeuza kuwa joto. Gari letu la kilo 1,400 likiwa kilomita 80 kwa saa lina nishati ya takriban kilojuli 346. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kama kilojuli 335. Kwa hiyo kila ukisimama kutoka mwendo huo, breki zako zimetoa joto la kuchemsha sufuria ya chai. Dramu inalifungia joto hilo ndani, diski inalianika upeponi. Mwaka 1953 Jaguar C-Type zenye diski za Dunlop zilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, na dunia ikaona. Mwaka 1955 Citroën DS likaleta diski kwa mteja wa kawaida, lakini za mbele tu. Nyuma ilibaki dramu.

Haukuwa ubahili mtupu. Mzunguko wa dramu huivuta breki shuu na kuikaza zaidi, kama mlango unaojibana wenyewe. Kwa hiyo nguvu ndogo ya mkono kupitia kebo inatosha kushika gari zima. Diski haina msaada huo, inahitaji kubanwa kwa nguvu nyingi. Kwa kazi ya kusimamisha, diski ni bora. Kwa kazi ya kushikilia, dramu ni bora. Ndiyo maana Hiace na IST nyingi barabarani kwetu zina diski mbele na dramu nyuma mpaka leo.

Magari yalipozidi kuwa na kasi na diski zikahamia nyuma, wahandisi walikwama: hendibreki itakaa wapi? Walipata majibu matatu, na unapaswa kujua gari lako lina lipi kabla hujafungua nati ya kwanza.

Jibu la kwanza ni kuficha dramu ndogo katikati ya diski. Diski inasimamisha, dramu inashikilia. Harrier na Forester nyingi ziko hivi. Hapa pistoni inasukumwa moja kwa moja kama ya mbele, lakini zile breki shuu ndogo za ndani nazo zikaguliwe.

Jibu la pili ni kupitisha kebo kwenye kalipa yenyewe. Ndani ya pistoni kuna skrubu: ukivuta hendibreki, kebo inageuza skrubu na pistoni inabana pedi. Volkswagen Golf na magari mengi madogo ya Ulaya yametumia mtindo huu. Pistoni yake ina vijishimo au mkato usoni. Hairudi kwa kusukumwa, inarudi kwa kuzungushwa huku ukiikandamiza taratibu, na hendibreki lazima iwe imeachiwa. Ukiilazimisha kwa klampu unavunja mashine ya ndani, na kalipa hiyo hairekebishiki kwa nyundo.

Jibu la tatu lilianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000: mota ya umeme badala ya kebo. Gari lenye kitufe linatakiwa kwanza liambiwe kuwa liko kwenye matengenezo, kwa kompyuta au kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu chake, ili mota irudi nyuma. Kabla ya hapo pistoni haiendi popote.

Busisi: somo la kushikilia

Wasafiri wa barabara ya Mwanza kwenda Sengerema na Geita waliijua kazi ya pili ya breki ya nyuma kwa miaka mingi. Barabara ilikatika ziwani, kati ya Kigongo na Busisi, na ng'ambo ulivuka kwa kivuko. Abiria wanashuka, magari yanateremka taratibu mpaka kwenye ngazi ya chuma, yanapangwa bampa kwa bampa, na kila dereva anavuta hendibreki. Kwenye malori utingo alikuwa chini na gogo au jiwe lake, tayari kuliweka nyuma ya tairi. Utingo yule na jiwe lake ni breki ya zamani kuliko zote tulizozitaja. Sehemu kama ile, kebo mbovu haikuweza kujificha. Usipokuwa na hendibreki, foleni nzima inajua.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Safari ambayo kusubiri kivuko kungeweza kula saa nzima au zaidi, sasa ni dakika chache. Ni neema, hasa kwa mgonjwa anayekimbizwa Bugando usiku. Lakini kwa breki ya nyuma, kazi imegeuka. Hendibreki inavutwa mara chache, na kebo isiyovutwa inashika kutu ndani ya ganda lake, halafu siku unayoihitaji ama haishiki ama haiachii. Na pale ulipokuwa ukipanga foleni, sasa unapita kwa mwendo, kwa hiyo breki inalipwa kwa joto zaidi. Kivuko kilikuwa kinatukagua hendibreki bure. Daraja halikagui, inabidi tukague wenyewe.

Kuna na jambo la mafuta. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyezeka, na pedali inaenda chini. Ukiona mafuta ya kikopo yamekuwa meusi, usiongezee juu tu. Badili yote na utoe upepo.

Vumbi

Sehemu ya mwisho ya historia hii ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianzisha biashara ya lainingi za breki, kampuni iliyokuja kuitwa Ferodo, jina lililotokana na herufi za jina lake. Pamba na manyoya alivyotumia mwanzoni viliungua. Kufikia mwaka 1908 alikuwa amehamia kwenye asbesto, nyuzi za madini zisizoungua. Ilikuwa kama muujiza: haiogopi moto, inashika vizuri, na ni rahisi. Kwa zaidi ya miaka 70 breki za dunia nzima zilikuwa za asbesto.

Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto huko Rochdale, Uingereza, na daktari aliyemchunguza akakuta mapafu yake yamejaa makovu na chembe za madini. Miaka mitatu baadaye ugonjwa ulipewa jina: asbestosi. Baadaye ikathibitika kwamba nyuzi hizo husababisha saratani pia, na inaweza kuchukua miaka 20, 30 au 40 kujitokeza. Hapo ndipo ubaya wake ulipo: fundi anayepuliza vumbi leo haugui leo. Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, Umoja wa Ulaya wote mwaka 2005, na Marekani ilikuja kupitisha katazo lake mwaka 2024.

Kwetu hadithi ina upande wake. Miaka ya mwisho ya 1970 na ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na vipuri havionekani madukani, breki shuu haikutupwa. Lainingi ilibanduliwa, mpya ikakatwa, ikatobolewa, ikapigwa riveti, ikalainishwa kwa tupa. Ufundi ule uliendesha nchi, mabasi na malori yakaendelea kutembea. Lakini tupa ilitoa unga, na unga ule ulivutwa na wazee wetu bila yeyote kuwaambia kitu.

Leo pedi nyingi zinauzwa zikiwa zimeandikwa hazina asbesto. Lakini kwa kuiangalia tu pedi iliyotolewa kwenye gari la zamani, au iliyonunuliwa bila boksi, huwezi kujua ilitengenezwa kwa nini. Kwa hiyo kanuni ni moja kwa vumbi lote la breki: usilipulize kwa mdomo, wala kwa upepo wa kompresa, wala usilifagie likiwa kavu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa kitie kwenye mfuko na ukifunge. Na watoto wanaopenda kuangalia kazi ya gari wasogee mbali, maana mapafu yao yana miaka mingi zaidi ya kungoja.

Basi, ukimaliza kufunga pande zote mbili, kwa kuwa pedi hubadilishwa kwa jozi na si upande mmoja, breki ya nyuma inataka mitihani miwili kwa sababu ina kazi mbili. Wa kwanza: pampu pedali mpaka iwe ngumu, kisha jaribu kusimama ukiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea. Wa pili: tafuta mwinuko mdogo usio na watu nyuma, vuta hendibreki, weka gia huru, ondoa mguu kwenye pedali. Gari likitulia, kazi imeisha. Likianza kurudi nyuma hata kwa hatua moja, rudi ukakague kebo kabla hujampakia mtu.